Ukiambiwa uje na chakula, uliza kwanza kitaliwa saa ngapi

Simu yako imeita. Ni kundi la jumuiya: Jumamosi tunasherehekea somo wetu, kila nyumba ije na chakula. Kabla hujamaliza kusoma, nyumba tano zimeshaandika pilau, ya sita imeandika wali na kuku, ya saba imeandika "mimi soda". Wewe unakuna kichwa, maana hutaki kuonekana umeleta kitu hafifu. Kama si jumuiya, basi ni kikoba kinachovunjwa Desemba, au futari ya pamoja, au mahafali ya darasa la saba. Hapa Mpanda, kuanzia Makanyagio hadi Kawajense, mwaka haupiti bila kuambiwa uje na chombo chako.

Sina ugomvi na pilau. Mchele wa Mpimbwe ukipikwa vizuri hauhitaji kusifiwa na mtu wa gazeti. Ugomvi wangu ni na saa. Hebu hesabu mwenyewe. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, saa moja pilau imeiva, ukaifungia kwenye hotipoti ili upate nafasi ya kuwaogesha watoto. Ibada imeanza saa nne. Zikafuata risala, zawadi, picha, na mgeni rasmi aliyechelewa. Chakula kimebarikiwa saa tisa alasiri. Pilau yako imekaa saa nane, na tangu saa tano imekuwa ya uvuguvugu. Hapo ndipo tatizo lilipo, si kwenye mkono wako wa kupika.

Nasema haya kwa sababu nimewahi kuyafanya. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka kwenye shughuli ya familia wali niliopika usiku, nikaupasha asubuhi na kuubeba. Jioni ile ile watoto watatu walianza kutapika, na wote walikuwa wamekula kwenye chombo changu. Mmoja, wa miaka miwili, alilala zahanati na dripu mkononi. Hakuna aliyepima wali ule, kwa hiyo siwezi kukuapia kuwa ndio uliowaumiza. Lakini mama wa mtoto yule aliponitazama, sikuwa na la kumwambia. Watu wakasema ni "jicho baya". Nilikaa kimya, na ninajuta kukaa kimya.

Wali una siri yake. Mchele mbichi huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujifunika kwa ganda gumu na kuvumilia kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu na kukaa, huamka, huzaliana na kuacha sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto. Unaweza kuupasha mpaka ukafuka moshi na bado mtu akatapika ndani ya saa moja hadi sita. Ndiyo maana maneno ya "nitaupasha tu" hayanipi amani, hasa chakula kikienda kwa watoto.

Shirika la Afya Duniani lina kanuni inayokumbukwa kirahisi: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60, au cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo vijidudu hujenga kijiji. Na joto letu la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, liko katikati kabisa. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa chakula kisicho salama na 420,000 hufa, wakiwemo watoto 125,000 wa chini ya miaka mitano.

Hotipoti husaidia, ila watu wengi wanaitumia vibaya. Haipashi chakula, inachelewesha tu kupoa. Ijaze maji yanayochemka kwa dakika kumi, yamwage, kisha weka chakula kinachotoka jikoni na kijaze mpaka juu. Hotipoti iliyojaa nusu hupoa haraka. Na usiifungue kila shangazi anapopita kuuliza umeleta nini. Ukiifungua saa ya kula na chakula hakitoi mvuke, usimpe mtoto.

Sasa ulete nini? Ushauri wangu ni kugawana kazi kwa namna nyingine: vyakula vyenye majimaji vipikwe pale pale vitakapoliwa, na wanaotoka mbali walete vikavu. Anayetaka kuleta kuku amlete akiwa hai. Mtacheka, lakini kuku hai haharibiki njiani. Maharage yaletwe makavu au yakiwa yamelowekwa, mchele uletwe kwenye mfuko, na watu watatu wawahi kuwasha moto. Bibi zetu walifanya hivyo kwenye misiba na harusi bila kufundishwa na mtu, wakapika uwanjani na kupakua kutoka kwenye sufuria. Hotipoti ndizo zilizotupotosha.

Wewe unayetoka Nsemulwa au Ilembo na huwezi kuwahi, leta chapati au maandazi. Leta matobolwa, ambayo wenzetu Wasukuma waliohamia huku wametuzoesha. Leta dagaa wakavu wa Karema au Ikola waliokaangwa mpaka wakakauka, bila rojo. Leta tikiti ambalo halijakatwa, ndizi mbivu, au embe wakati wa msimu wake. Kachumbari ije ikiwa nyanya, vitunguu na matango mazima. Vioshwe kwa maji safi na kukatwa dakika za mwisho, kwa kisu na ubao ambao haukugusa nyama mbichi.

Karanga tunazo nyingi, na ni chakula kizuri. Lakini zichambue. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, usiisage ukitegemea pilipili itaficha ladha. Sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi. Halafu sema wazi kama mboga yako imeungwa kwa karanga, maana yupo mtoto ambaye kijiko kimoja humvimbisha midomo na kumbana pumzi. Kipande cha plasta juu ya mfuniko, kilichoandikwa "ina karanga", kinatosha. Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia.

Na asali, kwa kuwa sisi ni watu wa Inyonga na Mlele na asali ndiyo fahari yetu: mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asilambishwe, hata kidole. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu lakini la mchanga haliwezi, vikamlegeza mwili hadi ashindwe kupumua.

Wagonjwa, nanyi mna lenu. Kama una kisukari na asubuhi umechoma insulini au umemeza dawa ya kushusha sukari, usikae na njaa ukisubiri risala ziishe. Sukari itashuka, utatetemeka, utatoka jasho, na wenzako watadhani ni upako. Beba kitafunwa chako na ule kwa saa yako. Mwenye presha anaweza kujitolea kuleta mboga iliyowekwa chumvi kidogo, bila vile vidonge vya kuongeza ladha, na hapo atakuwa na uhakika wa sahani moja inayomfaa. Nimeona mzee akila ugali mkavu kwenye sherehe kwa sababu kila bakuli lilikuwa limekolea chumvi. Aliona aibu kuuliza.

Jambo jingine ambalo ni gumu kulisema kwenye kundi la simu: kama unaharisha au unatapika, usipike wala usipakue, na subiri siku mbili baada ya kupona. Kama una kidonda chenye usaha kidoleni, mwachie mwingine. Hakuna atakayekusema ukileta soda wiki hiyo. Na maji ya kunawa yawe ya kutiririka, ya jagi au kibuyu chirizi, pamoja na sabuni. Beseni moja la watu arobaini linatuosha kwa uchafu wa wenzetu.

Ikitokea mtoto ameanza kuharisha au kutapika baada ya shughuli, usisubiri asubuhi ndipo uanze kumpa maji. Changanya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukitumia maji yaliyochemshwa na kupoa, umpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayeharisha apewe na zinki kutoka kituo cha afya kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Lakini mpeleke mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, macho yakizama, akilegea, akipata degedege, au ukiona damu kwenye kinyesi. Ukifika, mwambie mhudumu alikula nini, wapi na saa ngapi. Kisha piga simu kwa aliyeandaa shughuli umweleze, ili na wazazi wengine waangalie watoto wao usiku huo huo, na mabaki yaliyobebwa nyumbani yamwagwe kabla hayajawa kifungua kinywa.