Mwacheni mgonjwa wa mgongo aseme mwenyewe

Juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni yale maswali mengi anayoulizwa mgonjwa wa mgongo au shingo anapopelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, au kama tunavyosema mitaani, "kule kwa mazoezi". Malalamiko nimeyasikia mara nyingi. Mtu anapanga foleni tangu asubuhi, anaingia chumbani akitarajia kukandwa au kuwekewa mashine, badala yake anaulizwa analalaje, anafanya kazi gani, anaogopa nini. Anatoka akisema, "Nimekwenda kutibiwa, nimehojiwa kama niko polisi."

Mimi ni tabibu, na nakiri kuwa hata mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka yaliponifika haya ninayoyasimulia.

Alikuja mama mmoja wa miaka 46, muuza vitumbua, kiuno kinamuuma mwaka na zaidi. Alifuatana na mumewe. Nilipouliza, "Mama, unasumbuliwa na nini?" mume akajibu. Nikauliza panauma wapi, mume akajibu tena, akanionyesha kwa kidole mgongoni mwa mkewe. Yule mama hakusema zaidi ya maneno matatu, nami sikuona ubaya, maana foleni ilikuwa ndefu. Nikaagiza picha ya eksirei, nikaitazama, nikamwambia: "Pingili zako zimesagika mama, usiiname wala usibebe kitu kizito." Nikamwandikia diklofenaki. Alirudi mara tatu, na mara zote nilimwandikia dawa ile ile mpaka tumbo likaanza kumwaka moto. Hapo ndipo nikampeleka kwa fiziotherapia, na kusema kweli nilifanya hivyo kwa kuishiwa la kufanya.

Siku hiyo yule mama aliniruhusu nikae pembeni. Mtaalamu alikuwa binti, mdogo kwangu kwa umri. Alimwamkia, akamwomba baba asubiri kwenye benchi nje, "kidogo tu shekhe, tutakuita", akavuta pazia, akakaa kitini ili watazamane sawa, akasema: "Haya mama, nieleze habari za mgongo huu tangu ulipoanza mpaka leo." Kisha akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikonifundisha. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani walichapisha kipimo cha muda ambao daktari humwacha mgonjwa aseme kabla ya kumkatiza. Walipata wastani wa sekunde 18. Ndugu msomaji, sekunde 18 hazikutoshi kusoma Suratul Ikhlas mara tatu kwa utulivu, na mtu ana maumivu ya mwaka mzima ya kueleza!

Yule mama alisema kwa dakika kama saba. Maumivu yalianza baada ya kunyanyua ndoo ya maji, yakawa yanakuja na kuondoka, na kazi zake alikuwa anafanya. Kilichomwangusha ni siku alipoambiwa pingili zimesagika. "Nikajua nikiinama zitavunjika," alisema. Tangu hapo aliacha kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, akaacha kumbeba mjukuu, biashara akamwachia binti yake, akawa analala amejikaza kama ubao. Binti wa fiziotherapia akamuuliza swali ambalo mimi katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumuuliza mgonjwa: "Katika hayo yote uliyoyaacha, lipi linakuuma zaidi kuliko mgongo wenyewe?" Akasema ni sujudu. Miezi minane alikuwa anaswali kwenye kiti. Alilia alipolitaja hilo.

Na aliyemwambia pingili zimesagika ni mimi. Alilisema bila kunitazama.

Ukweli wa kitabibu ni huu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo waliopigwa picha za CT na MRI. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani uchakavu ule kwa wengi ni kama mvi. Shirika la Afya Duniani linasema maumivu ya kiuno yaliwasibu watu milioni 619 duniani mwaka 2020, na kwa takriban asilimia 90 ya wenye maumivu hayo hakuna ugonjwa mmoja mahsusi unaoweza kunyooshewa kidole. Sasa kama picha haisemi, nani atasema? Ni mgonjwa mwenyewe, na hawezi kusema asipoulizwa na kusubiriwa.

Maswali mengine ni ya kutafuta hatari. Mtaalamu anapouliza kama mkojo unatoka vizuri, kama haja kubwa inazuilika, kama kuna ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, hana nia ya kukuvunjia heshima. Dalili hizo zikitokea pamoja na maumivu ya kiuno huenda mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukichelewa unaweza kubaki na ulemavu. Akiuliza juu ya homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili, anawinda kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinaweza kumkaa mtu bila kikohozi. Kwa mwenye shingo ataulizwa kama vidole vinashindwa kufunga vifungo vya kanzu au kama anayumba akitembea. Na kijana anayeamshwa na maumivu kabla ya Alfajiri, mwili umekakamaa, kisha akapata nafuu kila anavyotembea, huyo huenda ana ugonjwa wa namna nyingine kabisa na haponi kwa kulala.

Ataulizwa pia tiba alizokwisha kutumia. Hapa Waislamu tunaficha sana. Mtu amepigwa chuku mara mbili, amesomewa ruqya, amekunywa habbat sauda, na bado ana vidonge alivyopewa na jirani, lakini akiulizwa anajibu, "Sijatumia kitu." Sema tu. Anayekuuliza anataka kujua kilichokusaidia na kilichokudhuru, na dawa zipi zisichanganywe.

Wapo watakaosema kuzungumza si tiba. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 492 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliohudumiwa na wataalamu wa fiziotherapia kwa kusikilizwa simulizi yao kwanza, wakaeleweshwa, kisha wakarudishiwa taratibu mienendo waliyokuwa wakiiogopa, walirudi kwenye shughuli zao zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka.

Wataalamu nao nina neno nao. Huwezi kumuuliza mwanamke wa Kiislamu juu ya mkojo au tendo la ndoa huku wagonjwa watatu wanasikia upande wa pili wa pazia, halafu ukaandika "hana tatizo". Wala fomu ya maswali arobaini ya ndiyo na hapana haiwi mahojiano.

Na sisi wanaume wa nyumba. Ikiwa anayehoji ni mwanamume, mke ana haki ya kuwa na maharimu wake chumbani, hilo halina mjadala. Lakini kaa kwa ajili ya stara, usikae kwa ajili ya kujibu, maana mgongo si wako. Wala usimsindikize mama kwa kumpa kijana wake wa miaka 15. Mbele ya mwanawe hatataja la mkojo hata akiuawa.

Kuhusu swala, mwenye kushindwa kusimama ameruhusiwa kukaa, na mwenye kushindwa kukaa aswali kwa ubavu; mafundisho hayo ya Mtume (S.A.W.) tumeyasoma tangu madrasa. Binti yule hakumtolea mama fatwa. Alichofanya ni kumweleza kwamba uti wa mgongo ni imara, kisha akaifanya sujudu ndiyo shabaha ya mazoezi: kwanza kuinamia meza, baadaye kigoda, baadaye mkeka wenye mto. Juma la saba alisujudu chini. Kiuno bado kinamuuma siku za kazi nyingi, lakini vitumbua anapika mwenyewe.

Nilimwomba radhi kwa lile neno la pingili. Alicheka, akasema yamekwisha mwanangu, kisha akaniuliza kama siwezi kumwandikia na sindano moja ya akiba.