Mkosaji Asikizwe Kabla ya Kufukuzwa

Kila muhula unapoanza, hapakosi wazazi hapa Eldoret wanaotoka lango la shule moja hadi la nyingine, sanduku na godoro vikiwa juu ya bodaboda, wakimtafutia nafasi mwana aliyefukuzwa kwingine. Ukiwauliza kosa lilikuwa lipi na nani aliyelisikiza, wengi hawana jibu.

Hatusemi kwamba makosa mazito yavumiliwe. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Mwezi wa Septemba 2017, wasichana 10 wakafa kwa moto katika shule ya Moi, Nairobi. Mwenye kutia bweni moto ni mhalifu, na kesi yake ni ya polisi na mahakama. Wanafunzi na walifahamu hilo.

Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na marufuku hiyo ikatiwa nguvu na Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Katika shule nyingi, nafasi yake imechukuliwa na lango. Hata hivyo, kifungu cha 35 cha sheria hiyo hakikuacha lango wazi. Mwanafunzi hafukuzwi ila baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kushindikana, na baada ya yeye na mzazi wake kupewa nafasi ya kujieleza. Tena, anayefukuzwa sharti apelekwe mahali pa kurekebishwa tabia ambapo masomo yake yataendelea.

Walimu watauliza: je, wanafunzi wengine hawana haki ya kulala salama? Wanayo, na ndiyo sababu mkosaji aweza kusimamishwa masomo kwa muda huku shauri lake likichunguzwa. Lakini anayeondolewa kimyakimya huenda na tabia yake hadi bweni la shule nyingine, ambako hakuna aliyeonywa. Na ikiwa aliyeondolewa hakuwa na hatia, mkosaji halisi amebaki palepale. Kikao cha haki huwalinda wote, kwa kuwa hutafuta ukweli na kuuandika. Bila kikao, mwana wa mwenye cheo hurudishwa kwa simu moja, na mwana wa maskini huishia shambani.

Wako wanaodhani kwamba adabu na adhabu ni neno moja lililotamkwa kwa namna mbili. Sivyo. Yote mawili yalitoka katika Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti: adabu ni malezi na mwenendo mwema, adhabu ni mateso. Kwa bahati mbaya, tumezoea kusema "mtie adabu" tukimaanisha "mchape" au "mfukuze". Shule iliundwa kwa ajili ya adabu. Adhabu ni chombo kimojawapo tu, nacho hakifai kutumiwa gizani.

Kwa hiyo, bodi za shule na zikutane kabla ya barua kuandikwa, mzazi aitwe, na mwanafunzi aulizwe na kusikizwa. Ikithibitika kwamba amekosa, aadhibiwe kwa mujibu wa sheria, naye ajue sababu. Kijana aliyehukumiwa bila kusikizwa hujifunza jambo moja tu, kwamba mwenye nguvu hahitaji ushahidi. Nasi tusishangae atakapolitumia funzo hilo ukubwani.