Komwe Haina Duka

Wiki hii mapenzi tuyaweke pembeni kidogo. Nina swali kwa nyie washkaji mnaoshinda kijiweni mkicheza bao: hizo kete 64 mnazozishika kila jioni, nani kati yenu amewahi kumwona mama yao?

Mama yao ni mkomwe. Ni kichaka cha pwani kinachotambaa na kuparamia wenzake, kina miiba iliyopinda kama ndoana mpaka kwenye majani. Maua yake ni ya njano, mazuri kweli, lakini usijifanye bishoo ukaenda kumchumia mchumba, utarudi shati limechanika! Tunda nalo ni ganda lenye miiba kibao, na ndani yake ndiyo unazikuta komwe, mara nyingi moja au mbili, za kijivu, ngumu kama jiwe, zinang'aa kama zimepakwa vanishi. Mkomwe ni ukoo mmoja na kunde na choroko, ila mbegu zake usithubutu kuzibandika jikoni.

Halafu komwe ni msafiri. Haizami. Bahari inaichukua, inaelea muda mrefu, inatupwa ufukwe wa mbali na bado inaota. Ndiyo maana mkomwe umeenea pwani za nchi za joto huko na huko duniani.

Sasa sikia. Kijiweni kwetu komwe tisa zilipotea, tukajazia kokoto. Mzee wetu mmoja akagoma kucheza.

"Kokoto haina mlio, wajukuu zangu. Hilo si bao, hizo ni hesabu."

Tukampeleka ufukweni, kwenye kichaka alichokuwa akiokota tangu ujana wake. Lahaula! Tukakuta ukuta na geti. Kichaka kimefyekwa chote, mlinzi anatukodolea macho kama vibaka. Mzee hakusema neno, akageuka, akaanza kutembea ameinamia mchanga. Tuliambulia komwe nne zilizoletwa na maji. Tano bado ni kokoto, na mzee siku hizi anatazama tu.

Kwa hiyo wewe uliyejaliwa kiwanja pwani, kabla hujamwita mtu wa panga, uachie mkomwe kona moja. Ukipanda ukutani, mwizi atafikiria mara mbili kuruka. Na wazee wakibisha hodi kuomba komwe, wafungulie geti, jamani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.