Sarafu za Wazee na Mashine ya Vijana

Mpwa wangu mmoja anayesoma katika chuo kimoja upande wa Tuala, kule Kajiado baina ya Rongai na Kitengela, ameniletea swali ambalo naona si lake peke yake. Yeye na wenzake watatu wataka kuchanga fedha wanunue ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini, ambayo wenyewe waiita detekta. Kwanza wataijaribu katika uwanja wa chuo, kisha wakati wa likizo waje nayo pwani wapite katika magofu na fuoni, kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui. Aniuliza: "Mjomba, tukipata sarafu za zamani, ni halali yetu?"

Swali ni zuri, na kijana ana adabu ya kuuliza kabla ya kuchimba. Lakini jawabu yake ni ndefu kuliko alivyodhani, nami nimeona afadhali niitoe hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa mashine hizi siku hizi zapatikana na wenye kuzitamani ni wengi.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Ni mti wenye duara la waya chini yake, na waya huo hupitishiwa umeme. Duara likipita juu ya chuma, chuma hicho huujibu ule umeme, na mwenye kushika akasikia mlio sikioni. Sarafu ndogo huisikia ikiwa kina cha shubiri moja hivi, haizidi sana. Mchanga wa pwani uliorowa maji ya chumvi huibabaisha ikalia ovyo. Na zaidi ya yote, ni kiziwi kwa kila kisichokuwa chuma. Kigae cha chungu haikisikii, wala ushanga, wala kaure ya Kichina, wala mfupa wa mwanadamu.

Huko Tuala basi itasikia nini? Jambo la kwanza itasikia vifuniko vya soda, misumari na vipande vya mabati, kwa sababu ardhi ile imekatwa viwanja na kujengwa mbio mbio. Chini ya hayo huenda ikaokota senti ya tundu ya zama za Mwingereza, ama ganda la risasi, maana katika vita vya 1914 majeshi ya Waingereza yalipita Kajiado yakielekea Namanga na Longido kupambana na Wajerumani. Na bahati ikisimama, itasikia kipande cha segenge. Hapo mimi ningeinua masikio! Segenge zile zilikuwa bidhaa ya watu wetu. Misafara ya Mombasa na Pangani ilizichukua kwa mabega ya wapagazi, pamoja na shanga na merikani, mpaka Ngong, wakatua huko kununua chakula. Mwaka 1883 Mwingereza Joseph Thomson alipoivuka nchi ya Wamasai, alifuatana na msafara wa Jumbe Kimemeta wa Pangani, aliyekuwa akiijua njia kabla ya mgeni huyo kuiota. Wahunzi wa Kimasai, wale waitwao ilkunono, nao walikuwa na kazi zao za chuma. Lakini katika Kajiado hiyo hiyo kuna Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba mwaka 1942, pamejaa mashoka ya mawe ya watu wa kale mno. Mashine ya mpwa wangu ingepita juu ya mashoka hayo yote bila ya kutoa hata sauti ya mbu.

Sasa tuje kwetu pwani, maana ndiko roho yake iliko.

Mwaka 1984, katika kisiwa cha Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, Pemba, wachimbaji wakiongozwa na Mark Horton walikuta hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwa pamoja na chache za dhahabu. Nyingi za fedha zilikuwa ndogo kama ukucha. Zile za dhahabu zilikuwa za nchi za mbali, na ya mwisho katika hizo ilikuwa ya karibu na mwaka 1066. Miongoni mwa za fedha zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, sultani ambaye wenye ilimu walikuwa wakimweka miaka mia moja na zaidi baadaye. Tazama basi jambo hilo: sarafu za Ali bin al-Hasan zilikuwa zikijulikana tangu zamani, lakini hazina tarehe. Kilichomrudisha kwenye karne yake ni kule kukutwa zimelala pamoja na dinari ambazo tarehe zake zinasomeka. Lau kijana angepita na mashine usiku, akatoa dhahabu akaiuza kwa sonara na fedha akazitia mfukoni, leo tungekuwa bado tumemkosea sultani wetu wakati wake.

Nina sababu nyingine ya kuzipenda sarafu hizo, nayo ni ya mtunga mashairi. Upande mmoja huandikwa jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili hupatana kwa kina. Nani leo ana noti yenye vina?

Mfano wa pili ni wa kusikitisha. Mwaka 1944 askari mmoja wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za Kiholanzi na tano za shaba za Kilwa. Kilwa na Australia! Akazitia ndani ya kopo, zikakaa huko hata mwaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. Alikuwa na busara ya kuchora ramani na kutia alama ya X, lakini ramani haionyeshi zilikuwa zimelala na nini, wala katika tabaka gani ya ardhi. Mwaka 2013 watu walirudi kisiwani kutafuta zaidi. Mpaka leo hapana ajuaye kama zilifika kwa jahazi, kwa Wareno, kwa wavuvi wa Indonesia, au zilianguka kwenye mfuko wa mtu siku chache tu kabla ya kuokotwa. Ziangalie na sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle iliyopatikana Mambrui mwaka 2010, katika uchimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hiyo ni moja tu, lakini ilitoka katika shimo lililopimwa, na kwa hiyo inasema mengi kuliko zile tano.

Turudi kwenye neno "halali". Wengi wetu tulisoma chuoni mlango wa rikazi, kwamba mali iliyozikwa zama za ujahilia, mwenye kuipata hutoa khumsi, sehemu moja katika tano, hapo hapo bila ya kungoja mwaka, na inayobaki ni yake. Vijana hushika neno hili wakaacha masharti yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, yatakiwa iwe imezikwa na watu wa ujahilia, na ipatikane katika ardhi isiyo na mwenyewe au katika ardhi aliyoihuisha mwenye kuipata. Ikipatikana katika ardhi ya mtu mwingine, yeye ndiye mwenye dai. Na ikiwa na alama ya Uislamu, haiwi rikazi. Mwenyewe akijulikana atarudishiwa, asipojulikana ni lukta, itatangazwa mwaka mzima. Na wako wanavyuoni waliosema ni mali iliyopotea, ihifadhiwe. Basi sarafu iliyoandikwa jina la sultani Mwislamu na jina la Mola wake, huyo mpwa wangu ataiitaje hazina ya ujahilia?

Serikali nayo ina neno lake. Kwa sheria ya Makumbusho ya Taifa na urithi ya mwaka 2006, vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya Serikali, kuvitafuta kunataka leseni, na mwenye kukiona kitu kwa bahati ana siku saba za kuwaarifu Makumbusho. Waingereza wamefuata njia nyingine: tangu mwaka 1997 kwao ziko ofisi za kuandikisha vitu vilivyookotwa, na hazina ikichukuliwa na makumbusho, mwenye kuipata na mwenye shamba hulipwa. Mimi naona sheria yetu imekaza upande mmoja ikalegeza mwingine. Mvuvi aliyeona dinari hapewi sababu ya kuipeleka Fort Jesus badala ya kwa sonara, isipokuwa imani yake.

Ama yule atakayemwambia mpwa wangu kwamba rupia ya Mjerumani ina zebaki ndani yake na hununuliwa kwa mamilioni, huyo ni mwizi. Rupia ya fedha ni fedha. Ile ya dhahabu yenye ndovu, ya rupia kumi na tano, ilipigwa katika karakana ya reli Tabora mwaka 1916, nayo ina thamani yake kwa wakusanyaji, lakini haina uchawi. Huko Tanganyika watu wamevunja misingi ya majumba na kufukua makaburi kwa uvumi huo.

Nimemjibu hivi: fedha za mashine aziweke. Likizo ikifika aende Makumbusho aombe kufuatana na wachimbaji, ashike mwiko na chekeche. Atajifunza kutazama rangi ya udongo na kuhesabu vigae ambavyo detekta haivisikii. Na akiiona sarafu siku moja, mashine au bila ya mashine, asiiinue. Apige picha, apime toka ukutani ni hatua ngapi, aandike, kisha aende akawaite.

Bado hajanijibu.