Chanda Chema Kivikwe Pete Nyumbani

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, vyumba vya kupanga vya mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, viligeuka madarasa. Hadi Januari 2021 watoto wengi walikuwa wakisomea nyumbani, kwa redio au kwa daftari la ndugu mkubwa. Walijifunza, ila hapakuwa na siku ya kufunga shule, wala zawadi, wala makofi.

Waama, neno "kuhitimu" asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kukamilisha. Huko Pwani, mtoto akihitimu Kurani, jamaa hukusanyika kumfurahia. Mbona sisi tungoje joho la chuo kikuu?

Rai yangu ni kuwa kila aila, hasa inayomsomesha mwana nyumbani, iwe na mviga wake. Ijumaa jioni, kabla ya chajio, mtoto na asome ukurasa mmoja kwa sauti. Nyanya asiyejua kusoma na asikilize, aulize swali, kisha ambariki. Gharama yake ni chai na mandazi. Mtoto asiyeshangiliwa kwao huishia kuamini kwamba elimu ni mali ya mwalimu. Wahenga waliponena kuwa chanda chema huvikwa pete, hawakusema ivikwe shuleni pekee.