Kufungua si Kuvunja: Saumu na Msamiati wa Malipo Yake

Kila Ramadhani, si ajabu kusoma katika gazeti la Kiswahili kwamba Waislamu "walivunja saumu" jua lilipotua. Msomaji wa Lamu au Mombasa hushtuka. Aliyeshinda na njaa kutwa nzima, kisha akala tende adhana ya magharibi ilipotolewa, hakuvunja kitu; amefungua, au amefuturu. Kuvunja saumu, au kuibatilisha, ni jambo la mchana na lina malipo yake. Mwandishi aliyefasiri neno kwa neno kutoka Kiingereza amemtia hatiani mtu asiye na kosa.

Kosa hilo laonekana dogo, lakini lina nduguze. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, saumu hubatilika kwa kula au kunywa kwa kusudi, kujitapisha, kujamiiana, na kwa hedhi hata ikitokea muda mfupi kabla ya magharibi. Neno zito hapo ni "kusudi". Aliyesahau akala sahani nzima ya wali, akikumbuka hutema kilichomo kinywani na kuendelea na saumu yake, hana deni. Kuhusu sindano, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, liliamua kwamba sindano za tiba hazibatilishi saumu, isipokuwa maji ya lishe yanayotiwa mshipani.

Saumu ikishakosekana, huja maneno matatu, na hapa ndipo Kiswahili cha darasani kinapopwaya. Kadha ni kufunga siku nyingine badala ya ile iliyopita, siku kwa siku. Mwanafunzi asiyeambiwa hudhani ni lile la "kadha wa kadha", ilhali hili lina asili moja na neno kadhi. Fidia, ambayo magazetini ni fedha zinazoamriwa na mahakama, hapa ni kibaba cha chakula apewacho maskini kwa kila siku, nayo humhusu mzee au mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Kafara nayo si mnyama wa kuondolea balaa. Ni kumwacha huru mtumwa. Asiyepata hufunga miezi miwili mfululizo, na asiyeweza hulisha maskini 60. Kwa Mashafi humpata aliyejamiiana mchana wa Ramadhani tu, ingawa Mahanafi na Mamaliki humtoza pia aliyekula kwa kusudi.

Maneno haya yakichanganywa, anayeumia ni mtu. Mzee mwenye maradhi ya kudumu huambiwa "alipe", naye huhesabu deni la siku ambazo hataweza kuzifunga kamwe, kumbe vibaba vyatosha. Mama anyonyeshaye aliyekula kwa kuihofia afya yake ana kadha peke yake. Akiwa alimhofia mtoto tu, ana kadha na fidia. Akiambiwa kwamba ana "kafara", atakabiliwa na miezi miwili asiyodaiwa na yeyote.

Wafasiri wa zamani walikuwa makini kuliko sisi tunavyowadhania. Fiqhi ya Kiarabu ina kipimo kiitwacho mudi, na mudi nne ni saa moja. Waswahili walitazama vyombo vya kupimia nafaka majumbani mwao, wakaona kwamba vibaba vinne ni pishi moja, basi mudi ikawa kibaba na saa ikawa pishi. Hapakuhitajika neno geni wala maelezo marefu; mwenye nyumba alijua achote nini. (Leo, sokoni tukipimiwa kwa kilo, kibaba kimebaki kwa wengi kuwa kitu cha methali ya haba na haba.)

Somo la isimujamii huzungumzia sajili ya dini, lakini mara nyingi hutosheka na mifano ya mahubiri na dua. Sajili ya fiqhi, yenye istilahi kali kama za sheria, hupitwa. Ingefaa wanafunzi wakusanye maneno haya kwa masheikh na akina mama wa pwani, na watunga kamusi wampe kila mlaji haki yake: kufungua kwa aliyengoja magharibi, kuvunja kwa asiyengoja, na kadha ya saumu iwe kidahizo peke yake, mbali na kadha ya kuhesabia.