Maharage ya baridi si kiporo

Kuanzia Desemba hadi Machi, mchana wa Dar es Salaam haukaliki. Kaskazi inavuma lakini haipoozi. Kipimajoto kinapita nyuzi 31, na unyevu wa bahari unagandisha shati mgongoni kabla ya saa nne asubuhi. Ikifika saa saba, sisi wauza chakula tunamwekea mteja ugali unaofuka, mchuzi unaotokota na chai ya moto juu yake. Anakula nusu sahani, anaagiza soda mbili, anaondoka. Nusu iliyobaki inakwenda kwenye ndoo ya makombo, na kesho tunarudia yaleyale.

Mimi ni mama lishe. Kibanda changu kiko Ilala, kati ya gereji na ofisi chache, na nina jambo moja la kusema. Msimu wa joto, maharage yaliwe ya baridi, yakiwa yamechanganywa na kachumbari, ndimu na mafuta kidogo. Yasiwe mboga ya pembeni. Yawe ndiyo mlo wenyewe wa mchana. Kinachotuzuia si fedha wala ujuzi, maana maharage yapo na kachumbari tunaijua toka utotoni. Kinachotuzuia ni aibu.

Aibu yenyewe ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni historia ya maharage. Aliyesoma shule ya bweni anayakumbuka vizuri: mchuzi mwepesi, wadudu wanaoelea, na kijiwe kilichojificha kikisubiri jino. Akipata kazi na mshahara, kitu cha kwanza anachotaka kukisahau ni hicho. Mguu wa pili ni ubaridi. Kwetu chakula kilichopoa ni kiporo, na kiporo huliwa jikoni asubuhi, mgeni hawekewi. Sasa mtu akiona bakuli la maharage yaliyopoa, anaona shule na umaskini mara moja.

Nina mteja wangu, kijana wa bodaboda. Siku nilipomwekea bakuli hilo mara ya kwanza, aliligusa kwa mgongo wa kidole.

"Mama, hiki hakijapashwa."

"Hakipashwi, mwanangu. Onja kwanza."

"Ya jana haya?"

"Ya leo alfajiri. Nimeyapoza makusudi."

Akachota kijiko kimoja huku anatazama barabarani. Akachota cha pili. Kisha akalivuta bakuli karibu na kuuliza, "Pilipili iko wapi?" Hakusifia, lakini anayeuza chakula anajua kwamba mtu anayetafuta pilipili ameshakubali kukaa.

Kwa kweli chakula baridi hatukikatai. Kachumbari ni baridi, na hakuna anayekula pilau ya harusi bila hiyo. Kwenye kumbi zetu kuna saladi ya kabichi na mayonezi inayokaa mezani toka maharusi hawajaingia mpaka MC anapoaga, na watu wanaipangia foleni. Ile wanaiita ya kisasa. Maharage yakipoa, wanasema yamelala. Huo ni upendeleo tu, na upendeleo unaweza kubadilika.

Wenzetu walishabadilika, au hawakuwahi kuwa na aibu hiyo. Waturuki wana piyaz: maharage meupe, kitunguu, majani ya parsley, jamii ya giligilani, ndimu au siki, na mafuta ya zeituni. Mji wa Antalya huongeza ufuta uliosagwa. Ni chakula cha heshima, kinauzwa mikahawani pamoja na nyama ya kuchoma. Huko Texas, Marekani, mpishi Helen Corbitt anatajwa kuwa ndiye aliyechukua kunde zenye jicho jeusi, karibu mwaka 1940, akazitia siki, mafuta na kitunguu, akawaandalia wageni wenye fedha zao. Zikaja kuitwa Texas caviar, jina la mayai ya samaki yanayoliwa na matajiri. Kunde hizo asili yake ni Afrika, zilivushwa Atlantiki enzi za biashara ya watumwa. Zimefika ugenini zimevikwa suti. Nyumbani bado tunazificha nyuma ya sufuria ya nyama.

Basi nieleze ninavyofanya, maana maharage ya baridi yakipikwa ovyo yanathibitisha kila kitu ambacho wapinzani wangu wanakisema.

Anza sokoni. Maharage ya njano ni matamu na huiva upesi, lakini yakizidi moto kidogo yanapondeka. Hayo yaache kwa mchuzi mzito. Kwa bakuli la baridi nachukua mekundu yenye ganda imara. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu hupoteza mng'ao, rangi yake hufifia au kuwa ya kahawia, na yatakula mkaa wako bila kulainika. Kunde na dengu nazo zinafaa, tena kunde hazihitaji subira kubwa.

Loweka usiku kucha katika maji yenye kijiko cha chumvi. Chumvi hiyo husaidia ganda kulainika bila kupasuka. Alfajiri mwaga maji hayo, kwa sababu yameondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni. Weka maji mapya na uyachemshe kwa nguvu. Hapa sitanii. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini. Punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu mzima. Sumu hiyo huharibiwa na maji yanayotokota hasa, kwa dakika 10 au zaidi, si na moto wa kubembeleza. Yakishatokota hivyo ndipo upunguze moto yaendelee kuiva. Kwa hiyo yeyote anayekwambia maharage ya saladi yawe magumu-magumu kidogo mezani, mshukuru kisha usimsikilize.

Usitie ndimu wala nyanya kabla hayajalainika, maana uchachu hukaza ganda na utapika mpaka adhuhuri. Magadi nayo yaache. Yanaharakisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni ambayo kwenye mchuzi wa nazi inajificha, kwenye bakuli la baridi haijifichi.

Kujua kama yameiva, chota punje mbili tatu kwa kijiko na uzipulize. Ganda likijikunja na kupasuka, umekaribia. Kisha chukua punje moja, ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Iliyoiva inalala bapa, laini, bila chembe hata moja ya unga mgumu katikati. Bonyeza nyingine kutoka upande wa pili wa sufuria, kwa sababu haziivi zote pamoja.

Chuja, na maji yake usiyamwage. Jioni yatakuwa supu. Maharage yamwage kwenye sinia pana yapoe haraka, na yakiwa bado vuguvugu yamwagie ndimu, mafuta na chumvi. Hii ndiyo hatua inayotenganisha mlo na kiporo. Punje ya moto hunywa ndimu mpaka ndani. Ukisubiri ipoe kabisa, ndimu itabaki nje ikiteleza juu ya ganda, na ndani utakuta maharage yale yale ya bweni.

Kwa watu sita natumia nusu kilo ya maharage makavu, ambayo yakiiva hupita kilo moja. Ndimu tatu, vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya alizeti, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa sufuria nzima. Mafuta ya nazi nayapenda, ila hapa hayafai: chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na ukiyatoa kwenye friji unakuta maharage yamevaa nta nyeupe. Vitunguu viwili navikata nyembamba, navifikicha kwa chumvi na kuvisuuza, ukali unaondoka. Nyanya nne nazitoa mbegu zisije zikalowesha bakuli. Tango, hoho, na mahindi mabichi mawili ya kuchemsha, yaliyopukuchuliwa. Desemba embe bichi zimejaa, nakwangua moja. Giligilani inakuja mwisho kabisa.

Mahindi hayo si pambo. Protini ya maharage imepungukiwa kiungo kimoja ambacho mahindi yanacho, na mahindi yamepungukiwa kingine ambacho maharage yanacho. Wapare na makande yao walilimaliza suala hilo zamani. Bakuli la mtu mmoja lina kama gramu 200 za maharage yaliyoiva, na humo mna karibu gramu 17 za protini, inayokaribia ya mayai matatu. Lina pia nyuzinyuzi ambazo ugali wa sembe unazo chache tu, na hizo humsaidia mtu asisinzie saa tisa na kutafuta maandazi saa kumi. Madini ya chuma ya kwenye maharage mwili huyachukua kwa shida, ila vitamini C ya ndimu, hoho na embe huyafungulia njia. Chai huifunga tena. Ndiyo maana wateja wangu nawaomba chai waisogeze mbele saa moja. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na katika bakuli hili mna kama gramu moja tu. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa maharage yana potasiamu nyingi.

Mafundi wa gereji waliniambia hakishibishi. Nawawekea mhogo wa kuchemsha au chapati pembeni, na malalamiko yamekwisha. Anayetaka ugali wake hanyimwi. Ninachokataa ni lile wazo kwamba bila ugali mtu hajala.

Wanaopinga wana hoja moja ya kweli, nayo ni usalama. Joto letu linaharibu chakula. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku zinazopita nyuzi 32, bora kisizidi saa moja. Kwa hiyo maharage yangu yakishapoa kwenye sinia yanaingia kwenye sanduku la barafu, na mboga mbichi nachanganya kidogo kidogo kadiri wateja wanavyofika. Mboga zinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kukiwa na tangazo la kipindupindu, mbichi zote naziweka kando. Nyanya, hoho na kitunguu navipika mpaka viive. Na umeme ukikatika usiku, maharage ya kwenye friji hayahesabiki tena.

Lakini sababu iliyonivuta zaidi haiko kwenye bakuli, iko nyuma yake. Mteja analihisi joto la mchana nusu saa, chini ya feni. Mpishi anakaa nalo toka alfajiri, na kwenye joto la jua anajiongezea la majiko mawili ya mkaa. Wapishi hao wengi ni wanawake, wengine wajawazito, wengine wana mtoto mgongoni. Maharage ya baridi yanapikwa gizani, kabla jua halijapata nguvu. Ikifika saa mbili asubuhi moto wa maharage umezimwa na hauwashwi tena. Saa saba nasimama mbele ya wateja nikiwa na kisu, ubao na ndimu, si na mwiko na moshi. Mkaa wa kupashia wa mchana kutwa sinunui.

Serikali ina mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni jambo jema, na nikipata sufuria ya presha ya umeme kwa bei ninayoimudu nitaipokea kwa mikono miwili. Ila mjadala wote umekuwa juu ya nini tuwashe. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama kila mlo lazima uwashiwe moto mara mbili. Mkaa usioungua kabisa ni safi kuliko nishati yoyote.

Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 10 Februari kuwa Siku ya Mikunde Duniani. Kwetu siku hiyo inaangukia katikati ya joto kali, na ni nafasi nzuri ya kuanza. Ofisi zinazoagiza chakula cha semina, kumbi zinazopanga menyu za harusi, shule zinazotaka kuwarudishia watoto hamu ya maharage: wekeni bakuli hili mezani, la kwanza kwenye foleni, si la mwisho karibu na vijiti vya meno. Watu hula kinachowekwa mbele kwa heshima.

Sisi wapishi hatuhitaji kufundishwa. Maharage tunayo, ndimu tunazo, kisu kimenolewa. Ila hakuna mama lishe anayepika kitu ambacho wateja wanaona haya kukiagiza mbele ya wenzao. Agizeni kwa sauti.